Sanduku la Baridi la Wamaza

Lwamba alikubali kila kitu isipokuwa kile alichoulizwa. Alikubali kwamba jile, kile kizibao cha madereva wa pikipiki, ya rangi ya machungwa namba thelathini na moja ni yake. Alikubali kwamba pikipiki nyekundu ni yake, na kwamba jana asubuhi ndiyo iliyobeba sanduku la baridi kutoka depo ya dawa ya Kasongo kwenda Wamaza. Lakini Inspekta Mwanvua alipomuuliza sanduku liko wapi, akainamisha tu kichwa chake kilichonyolewa upya. Mwanvua akauliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akauliza kwa kuzunguka. Ukutani kwa kasho, chumba cha mahabusu, kulikuwa na mjusi, na huyo alionekana kusikiliza vizuri zaidi.

Ndani ya sanduku kulikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, zote zilizokuwa zimebaki depo. Huko Wamaza kulikuwa na Régina, mshona nguo, aliyeng'atwa shingoni na begani na mbwa aliyekufa kesho yake akitoa mapovu. Nadine, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa ameosha kidonda kwa sabuni na maji mengi jinsi inavyotakiwa, kisha hakuwa na la kufanya tena. Ugonjwa huo ukishaanza hauna dawa. Régina hakuwa na homa wala maumivu makubwa. Alikaa tu barazani kwa kituo akitazama njia inayotoka Kasongo.

Komanda Marcellin alikuwa tayari na jibu lake. Kwake, Lwamba aliliuza sanduku Salamabila kwa wachimba dhahabu, kwa sababu Salamabila kila kitu huuzwa, na aliyeuza atapelekwa Kindu, makao makuu ya jimbo, akajibu huko. Mwanvua akamwomba amwachie mpaka jioni. Komanda akakubali kwa shingo upande, akasema anataka kuona hiyo mashine ya ofisini itafanya nini ambacho fimbo haifanyi.

Sasa hapa lazima niseme kidogo juu ya mashine hiyo, maana watu wa Kasongo wameisema vya kutosha, na wengi wamesema ovyo. Haikuwa mashine, kwanza. Kompyuta ilikuwa ya kawaida, imepauka kwa vumbi, na juu ya bati kulikuwa na antena ya satelaiti na vioo vya umeme wa jua. Kilichokuwa ndani ndicho cha ajabu: akili bandia ambayo Mwanvua aliiita Mjumbe. Ziko zile unazoziuliza swali zikakujibu, basi. Hii ulikuwa unaipa kazi, na inakwenda kuifanya. Inajipangia hatua, inaandikia watu, inapiga simu kwa sauti, inasoma majibu, na ikiona imekosea njia inarudi nyuma bila kuona haya. Kitu kimoja tu haikukifanya: kusema kwa jina la polisi bila Mwanvua kuruhusu. Ningependa kuona mapolisi wangapi wana adabu hiyo.

Mwanvua akaketi, akaandika: sanduku la baridi limepotea kati ya Kasongo na Wamaza, mshukiwa yuko kasho, hasemi. Akangoja. Mjumbe haukukimbilia kazi. Ulianza kwa kumuuliza yeye.

"Unatafuta mwizi, au unatafuta sanduku?"

Mwanvua akasikia kama amevuliwa kilemba. Akaandika: sanduku. Kisha akafuta, akaandika alichokuwa nacho moyoni, kwamba Régina apate sindano.

"Basi kazi yetu ni Régina," Mjumbe ukaandika. "Sanduku ni njia moja ya kumfikia. Nitatafuta na nyingine, tusije tukakosa zote."

Ukapanga kazi mbele ya macho yake, na Mwanvua, aliyefundishwa upelelezi na wazee waliokuwa wakali kwa utaratibu, akajikuta anaitikia kwa kichwa kwa heshima. Mjumbe ulijigawa. Sehemu yake moja ingeuliza Kindu kama kuna chanjo nyingine, na kama ipo itoke leo. Nyingine ingefuata njia ya pikipiki, kizuizi kwa kizuizi, kwa simu na kwa foni ya redio pale ambapo simu haishiki. Nyingine ingechunguza Salamabila, si kwa sababu iliamini, ila kwa sababu Komanda aliamini na jambo lisilochunguzwa hubaki likisumbua. Ya mwisho ingehesabu barafu ndani ya sanduku itadumu mpaka lini. Chini ya kila hatua Mjumbe uliandika kitakachoonyesha kwamba umekosea. Mwanvua akasoma, akaruhusu.

Salamabila ilijibu kwanza. Ndiyo, mfanyabiashara mmoja aitwaye Jean-Pierre alikuwa na chanjo anauza tangu jana, na watu wanagombania. Komanda, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akapiga makofi. Mjumbe haukupiga makofi. Uliomba opereta wa simu wa pale atume picha ya chupa. Picha ikaja. Ilikuwa chanjo ya kuku.

Mwanvua alicheka mpaka akajifuta macho. Mjumbe ukafuta mstari wa Salamabila, ukaandika kwa nini umeufuta, ukaendelea bila kumcheka mtu. Komanda akatoka kwenda kuangalia kitu uani.

Alirudi mbio habari ya Kabambare ilipofika. Mtu wa kizuizi cha huko alikuwa ameona jile namba thelathini na moja jana mchana, anakwenda haraka. Sasa hapo hata Mwanvua alisimama. Lwamba angeweza kupita Wamaza bila kusimama, akaenda kuficha sanduku Kabambare, akarudi usiku. Ilishikamana. Mjumbe ukakubali kwamba inashikamana, kisha ukamuuliza mtu wa kizuizi swali moja tu: jile ilikuwa ya rangi gani? Kijani. Shirika la wenye pikipiki wa Kabambare hutoa jile za kijani na namba zao wenyewe, wa Kasongo hutoa za machungwa. Kulikuwa na thelathini na moja wawili. Mstari wa Kabambare nao ukafutwa.

Hapo ndipo Mwanvua alipoanza kuipenda kazi ile waziwazi. Amefanya kazi na watu waliong'ang'ania mshukiwa kwa sababu walishamtaja mbele ya mkubwa. Mjumbe ulikuwa unaachilia jibu zuri kama mtu anayeweka chini mzigo usio wake.

Ikabaki njia yenyewe. Mwanamke auzaye mihogo kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya bonde aliiona jile ya machungwa ikipita jana karibu na mchana, kabla ya mvua. Ng'ambo ya bonde, kwenye daraja lililovunjika ambapo watu huvuka kwa mtumbwi, wavushaji walisema haikupita. Mjumbe ukaweka mambo hayo mawili pamoja, na la tatu likaja kutoka kwa Latifa, mtunza depo. Mjumbe ulikuwa umempigia simu, ukamwomba asimulie siku ya jana yote, hata lile analoona halina maana. Latifa alisimulia kwa kirefu. Katikati ya maneno yake kulikuwa na hili: mchana alimpigia Lwamba kumkumbusha asiweke sanduku juani, na Lwamba alipokea, na nyuma yake watu walikuwa wanaimba.

Mjumbe ukaandika, na Mwanvua akasoma mara mbili.

"Wakati huo jile ilikuwa bondeni, na bondeni simu haishiki. Lwamba alipokea simu. Kwa hiyo Lwamba hakuwa ndani ya jile yake. Latifa anasema aliangalia namba, hakuangalia uso. Mimi sizijui desturi za madereva wa Kasongo. Wewe unazijua. Kuna siku mtu huvaa jile ya mwenzake?"

Mwanvua akafunga mdomo wake kwa kiganja. Kichwa kilichonyolewa. Watu wanaoimba. Ni nani wa Kasongo asiyejua? Dereva akifiwa, pikipiki yake hailali. Yeye anakaa kilioni, wenzake wanaiendesha kwa zamu wakivaa jile yake, na kila safari inayofanyika ni kwa ajili ya sufuria ya kilio. Jioni pikipiki inarudishwa mlangoni pa msiba. Na mtu aliyekutumikia kilioni humpeleki mbele ya polisi, hata afanye nini. Mwanvua alikua akiona hayo, kaka zake wawili wamevaa jile za watu, na mbele ya kasho hayakumjia hata kidogo. Jambo ambalo kila mtu analijua, nani atakumbuka kulisema?

Akarudi kasho. Safari hii hakusimama. Alikaa chini kwenye sakafu, mbele ya Lwamba.

"Pole ya kilio. Nani alitutoka?"

Lwamba akainua macho. "Mama."

"Na moto, ile pikipiki yako, nani aliiendesha kwa ajili yake?"

Mwanvua akamwambia polepole kwamba hamtafuti mwizi, anamtafuta mtu ambaye hajarudi tangu jana, na kwamba mvua ilinyesha bondeni.

"Ni Blaise," Lwamba akasema, na machozi yakamtoka bila kuyapangusa. "Hakurudi, Mama. Usiku muzima nilikuwa nawaza, nikitaja jina yake, nitakuwa nimemufanya mwizi juu ya kilio ya mama yangu. Kumbe nilimuacha mu pori."

Mwanvua alimshika bega. Ilikuwa kweli. Kwa kumlinda mwenzake asitafutwe na polisi, Lwamba alikuwa amehakikisha hatafutwi na mtu yeyote.

Alipoupa Mjumbe jina la Blaise, mpango wote wa asubuhi uliondoka kwenye kioo. Hakuna kilichorekebishwa pembeni kwa aibu, ulianza upya. Ukaandika: hatutafuti mtu anayekimbia, tunatafuta mtu aliyeanguka, kati ya kizuizi cha mihogo na mtumbwi. Ukauliza vituo vya afya vya njia ile. Hakuna aliyepokea majeruhi. Mtu mwingine angeishia hapo. Mjumbe ukamgeukia Nadine huko Wamaza, ukamuuliza: mtu akivunjika bondeni, watu humpeleka wapi kama si kwako? Nadine akajibu kwamba mifupa haijawahi kufika kwake hata siku moja. Mifupa inapelekwa kwa Mama Cécilia, mtengeneza mifupa, kijiji cha chini kabla ya mto, na huko hakuna simu wala foni.

Barafu, kwa hesabu ya Mjumbe, ingedumu mpaka jioni kama sanduku halijafunguliwa na limekaa kivulini. Kama limekaa juani, ilikuwa imekwisha. Na njia zake zote za kuuliza zilikuwa zimefika mwisho; iliyobaki ilihitaji miguu. Uliliandika hilo bila kujitetea. Katembo, rais wa wenye pikipiki wa Kasongo, alikuwa ameshafika uani na injini inawaka, kwa sababu Mjumbe ulimwomba mapema awe karibu, kwa ruhusa ya Mwanvua, kabla mtu yeyote hajajua atahitajika kwenda wapi.

"Baada ya kilima cha mwisho sitakusikia na hutanisikia," ukamwandikia Mwanvua. "Kwa hiyo chukua haya sasa. Kwenye kila chupa kuna alama: duara, na ndani yake mraba. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima. Ukiwa umelingana nalo au umekuwa mweusi zaidi, usikubali mtu aichome. Ukipata sanduku zima, au bovu, au usipolipata kabisa, endelea mpaka mtoni. Nimeomba watu wafike huko. Hawajajibu bado, kwa hiyo sikuahidi kitu."

Alinakili kwa kalamu kwenye kiganja, kama mwanafunzi, akapanda nyuma ya Katembo.

Njia ya Wamaza haina haja ya kuelezwa kwa mtu aliyeipita, na asiyeipita hataamini. Katembo aliendesha juu ya udongo unaoteleza, juu ya magogo, mara nyingine kwa miguu wakiisukuma pikipiki wawili matope yakifika magotini. Mara moja tu alisema kwamba Blaise ni dereva mzuri, akarudia tena, na Mwanvua akaelewa kwamba anaogopa.

Walimkuta uani kwa Mama Cécilia, amelazwa kwenye mkeka, mguu wake umefungwa vijiti na majani tangu goti mpaka kifundo. Aliteleza kwenye magogo ya kijito mvua ilipoanza. Mama Cécilia, mwanamke mnene mwenye mikono mikavu, alieleza kwamba kijana alimlilia kuhusu sanduku kuliko kuhusu mfupa. Blaise alimkataza kila mtu kulifungua. Alimwomba yeye alifukie kwenye mchanga wa kisima, kivulini, alimwagie maji kila mara, naye akafanya hivyo ingawa aliona ni wazimu wa homa.

Blaise alipoona jile ya Katembo, hakuuliza juu ya mguu.

"Moto ya kilio," akasema, "mutu aliirudisha?"

Katembo akamwambia itarudi leo, asiwaze, na akageuza uso kwenye migomba kwa muda kidogo.

Kisimani, Mwanvua alifukua kwa mikono. Sanduku lilikuwa baridi nje. Ndani, barafu ilikuwa imebaki vipande vidogo vinavyoelea, na vichupa vimelala katikati yake. Akainua kimoja kwenye mwanga. Duara la zambarau. Mraba ndani yake mweupe. Akainua cha pili, cha tatu, vyote. Miraba yote ilikuwa myeupe, akalifunga sanduku haraka.

Kutoka hapo mpaka mtoni hapakuwa mbali, lakini Mwanvua alikuwa anafikiria jinsi ya kuvuka. Mto ungekuwa umejaa. Wavushaji hukataa maji yakiwa hivyo. Angelazimika kuwabembeleza, kisha kutafuta pikipiki ng'ambo, kisha njia iliyobaki mpaka Wamaza, na barafu ile haikuwa na jioni nyingine ndani yake. Alijua hesabu, na hesabu ilikuwa inamkataa.

Wakatoka kwenye nyasi, mto ukaonekana, mwekundu na mpana, nguzo za daraja zimebaki peke yake. Na katikati ya maji, mtumbwi ulikuwa unakuja upande wao.

Ndani alikuwa mvushaji, na Nadine na koti lake jeupe chini ya mtandio, na mwanamke mwembamba aliyefungwa bandeji shingoni. Hakuna aliyekuwa amewapigia simu tangu Mwanvua ashuke kilima. Hakuna aliyewaambia kwamba sanduku limepatikana. Walikuwa wameshaondoka Wamaza wakati yeye bado anasukuma pikipiki kwenye matope.

Mtumbwi ulipogusa mchanga, swali la kwanza la Mwanvua lilikuwa hili: je, kama asingelipata? Je, kama mraba ungekuwa mweusi? Nadine alikuwa anamshusha mgonjwa wake, akajibu huku anafanya kazi. Mjumbe ulimwambia kwamba chanjo nyingine imeshatoka Kindu inakuja Kasongo. Kwa hiyo Régina akija upande huu, hakuna hatua inayopotea. Sanduku likiwepo, anachomwa mtoni. Lisipokuwepo, ameshavuka, anapanda pikipiki ileile iliyomleta Inspekta na anaenda kukutana na ile ya Kindu.

"Haikutuambia tutapona," Nadine akasema. "Ilituambia mukuje tu, njia zote mbili ni ya Régina."

Mwanvua aliwahi kuwasifu watu waliokamata wezi, waliosoma nyayo, waliovunja mashahidi waongo. Alisimama kwenye mchanga ule akijua kwamba hajawahi kuona upelelezi mzuri kama huu, ambao mwisho wake hakuna aliyefungwa.

Alimfungulia Nadine sanduku. Régina akaketi kwenye jiwe. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelowa, gauni linachuruzika maji mpaka kwenye kiwiko. Mwanvua akadhani aliponea chupuchupu kuanguka mtumbwini, akamvulia kitenge chake ajifute.

"Sikuanguka, Mama," Régina akasema. "Wanasema mwenye ile ugonjwa anaogopaka maji. Njo maana nikatia mukono mu maji tangu ng'ambo mpaka hapa, nijipime."

Mwanvua akapiga magoti mbele yake, akaushika mkono ule uliolowa, akauliza kwa sauti ndogo.

"Na uliogopa?"

"Niliogopa kila kitu," Régina akasema. "Maji, hapana."

Nadine akampandisha mkono wa gauni, akamchoma.